Somo la sita lilivyomrudisha mpiga msasa kwa baba yake

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye ovaroli la bluu lililofifia magotini anachuchumaa mbele ya mashine ya randa na kumulika uvungu wake kwa tochi ya simu. Karakana ya samani bado iko kimya. Mbao zimepangwa kwa mafungu kando ya ukuta, na katikati zimesimama meza sita ambazo hazijaonja vanishi.

Anaingiza vidole viwili chini ya bati linalofunika visu, analitikisa. Limekaza. Anahamia kwenye msumeno wa meza, anapapasa waya wa umeme kutoka kwenye mashine hadi ukutani, taratibu, kama mama anayetafuta uvimbe kwenye mguu wa mtoto. Halafu anachukua ufagio na kusukuma pembeni rundo la maranda lililoachwa njiani tangu jana.

Wafanyakazi wanaanza kuingia mmoja mmoja, macho bado mazito.

"Mama Subiri, tuwashe?" anauliza mwendesha msumeno.

"Subiri kwanza," anajibu bila kuinua kichwa, na wote wanacheka, maana jibu hilo ndilo lililompa jina.

Ana miaka 44. Kwa miaka kumi na sita amepiga msasa katika karakana hii: vitanda, makabati, meza za shule, viti vya ofisini. Ncha za vidole vyake zimelainika kiasi kwamba simu yake haitambui alama za kidole. "Mimi nafungua kwa namba tu," anasema, akinyoosha kiganja tukione. "Mbao zimenisugua na mimi."

Tangu miezi minne iliyopita, saa ya kwanza ya kila asubuhi ni ya kazi nyingine. Yeye ndiye mwangalizi wa usalama na afya wa karakana, kazi aliyoisomea mtandaoni kwa miezi kumi na mmoja, kwa simu yenye ufa unaokatiza kioo kutoka kona hadi kona.

"Watu wanadhani nilisoma ili niukimbie msasa," anasema. "Msasa naupenda. Nilisoma kwa sababu siku ile tulikuwa watu ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya."

Siku ile ni siku ambayo fundi wa vanishi alianguka.

Fundi huyo, mtu wa utani mwingi na mwenye mikono isiyotetemeka, alikuwa akipaka vitanda vya hosteli moja tangu asubuhi. Chumba chake kilikuwa kidogo, na dirisha lake pekee lilikuwa limepigwa misumari ili vumbi la mbao lisiingie na kunata kwenye vanishi mbichi. Harufu ya thina ilikuwa imejaa humo kama maji kwenye pipa. Mtu aliyetumwa kumwita kula alimkuta amelala sakafuni, brashi bado mkononi.

"Mmoja alimmwagia maji. Mwingine akasema apewe maziwa. Mwingine akampepea kwa boksi, humo humo ndani, na mlango tumeuziba sisi wenyewe kwa kujaa," anakumbuka. "Mimi nilimshika kichwa nikawa namwita tu. Ilipita kama robo saa ndipo mtu mmoja akasema, hivi tusimtoe nje?"

Fundi alizinduka, akalala nyumbani siku tatu, akarudi akidai kwamba ameota vitanda vikimfukuza. Watu walicheka wakaendelea na kazi. Mpiga msasa hakucheka.

Alikwenda kwa meneja akamuuliza ni nani anayepaswa kujua mambo ya namna ile. Meneja akamjibu kwamba ni jukumu la kila mtu.

"Nikamwambia, bosi, la kila mtu ndilo hilo lililotaka kumuua mwenzetu."

Mtunza stoo, rafiki yake wa siku nyingi, ndiye aliyeikuta kozi kwenye simu: cheti cha usalama na afya mahali pa kazi, masomo kumi na mawili, mtihani mwishoni. Ada yake ililingana na mshahara wa mpiga msasa wa mwezi mmoja na nusu, ikilipwa kwa awamu tatu. Mumewe, dereva wa lori anayefika nyumbani mara mbili kwa mwezi, alisikiliza habari hiyo kwa simu akiwa njiani.

"Aliniuliza swali moja tu, kama ninaitaka kweli," anasema mkewe. "Nikasema ndiyo. Akasema, basi lipia, viatu hivi vinanifikisha mwaka mwingine."

Shida ya kwanza haikuwa ada, ilikuwa lugha. Masomo yalikuwa katika lugha ya kigeni, na yeye aliacha shule akiwa kidato cha pili. Alinunua daftari nene, upande wa kushoto akaandika maneno asiyoyajua, upande wa kulia maana zake. Ukurasa wa kwanza wa somo la kwanza ulimpa maneno thelathini na nane.

Wakati wa chakula cha mchana alijibanza nyuma ya mbao za mninga, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka. Jioni, vyombo vikishaoshwa, alikaa mezani na bintiye wa miaka kumi na saba, kila mmoja na kazi zake za shule. Mwisho wa meza alikaa baba yake, mzee wa miaka 73 asiyesikia, akichonga mipini ya nyundo na kisu chake kidogo.

"Faida ya kusoma na babu pembeni ni kwamba hata ukiongeza sauti ya video hadi mwisho, halalamiki," anasema binti huyo, na mama yake anamtupia jicho la kumkanya huku akizuia kicheko.

Jaribio la kwanza alianguka. Alipata 52, na ya kufaulu ilikuwa 60. Aliyaona matokeo akiwa kazini, akaenda kwenye bomba la nyuma ya karakana, akanawa uso mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jioni binti yake alipitia karatasi.

"Mama, swali limeuliza hatari. Wewe umeeleza ajali."

"Si kitu kile kile?"

"Ajali imeshatokea. Hatari bado."

Mama mtu aliyaandika kwenye daftari lake. Anasema sentensi hiyo ndiyo iliyomfungua macho kuliko video zote. Kesho yake aliingia karakana na kwa mara ya kwanza akaiangalia kwa ajili ya mambo ambayo bado hayajatokea. Akayaona mengi mno, mpaka akaogopa kuinua mguu.

Kisha likaja somo la sita.

Somo la sita lilihusu kelele. Mwalimu wa kwenye video alieleza kwamba ndani ya sikio mna vinywele vidogo mno, na kelele za mashine huvilaza kimoja kimoja kama nyasi zinazokanyagwa kila siku. Vikishalala, havisimami tena. Alieleza kwamba mwenyewe hana habari, kwa kuwa usikivu hauondoki wote kwa mpigo. Sauti nyembamba hutangulia kupotea: ndege, kengele, sauti za wanawake, sauti za watoto. Mtu wa namna hiyo, alisema mwalimu, atakujibu vizuri ukimtazama usoni, lakini ukimsemesha akiwa amekupa mgongo utadhani anakupuuza.

Mpiga msasa alisimamisha video. Akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Akairudisha mara ya tatu.

"Nikamuuliza, mama, bando limekata?" anasema bintiye. "Alikuwa anamwangalia babu."

Ili kuelewa alichokiona usiku ule, lazima turudi nyuma miaka ishirini na tisa.

Baba yake alikuwa mwendesha randa kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Alikuwa ameisimamia mashine hiyo kwa miaka ishirini na miwili bila kitu chochote masikioni. Jioni moja binti yake wa miaka kumi na mitano alirudi shuleni mbio, karatasi ya matokeo mkononi. Alimkuta baba ameketi kwenye kigoda uani, amempa mgongo, akikung'uta vumbi la mbao kichwani kabla ya kuoga.

"Nikasema, baba, nimekuwa wa kwanza darasani. Hakugeuka. Nikasema tena. Akachukua sabuni yake akaingia bafuni."

Msichana aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka chini ya godoro. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, hivyo hakukuwa na mtu mwingine wa kumpelekea.

Wiki chache baadaye baba aliachishwa kazi. Gogo lilikuwa limeteleza kuelekea kwenye randa, nyapara akampigia kelele azime mashine, yeye akaendelea kusukuma ubao. Hakuna aliyeumia, ila visu vyote viliharibika. Kwenye barua ya kuachishwa kazi waliandika neno moja kama sababu: ukaidi. Ada ya shule haikupatikana tena, na msichana aliyekuwa wa kwanza darasani akaanza kuosha vyombo kwenye mgahawa.

"Niliiamini ile barua," anasema. Anaongea taratibu, mikono imetulia juu ya mapaja. "Nikasema, kweli huyu ni mkaidi. Alikataa kunisikia mimi, akakataa kumsikia nyapara, na mimi ndiye niliyelipa."

Hakuwahi kumkosea baba yake adabu. Alipoolewa na kupata nyumba alimchukua akae naye. Alimpikia, akamfulia, akamwamkia kila asubuhi. "Lakini habari zangu sikumpa. Nikipata jambo zuri, nilimwambia mtunza stoo. Baba alijua tu kwamba nipo."

Miaka ilivyokwenda mzee akawa hasikii kabisa, na nyumba nzima ikasema ni uzee. Hakuna aliyepiga hesabu kwenda nyuma.

Jumapili iliyofuata somo la sita, baada ya chakula cha mchana, alivuta kiti akakaa mbele ya baba yake, magoti yakikaribia kugusana. Mzee anasoma midomo, ukimtazama anakuelewa. Mjukuu wake alikuwa akifua uani na aliwaona kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Baba, masikio yako yalianza lini?"

Mzee aliweka kisu chini. "Zamani."

"Kabla hujaachishwa kazi?"

"Kabla. Miaka mitano, sita hivi. Yalikuwa yanavuma, halafu yakaanza kuchagua."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani?" Mzee anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha watu. "Wakiniita mkaidi, nitatafuta kazi kwingine. Wakiniita kiziwi, nani atanipa mashine? Nilikuwa na wewe wa kusomesha."

Mpiga msasa anasema alihofia kwamba akifungua mdomo atalia na baba yake hataweza kuusoma. Halafu akamwambia.

"Nilikuwa wa kwanza darasani, baba. Nilikuja kukwambia. Ulikuwa umenipa mgongo."

"Rudia."

"Nilikuwa wa kwanza darasani."

"Kati ya wangapi?"

"Arobaini na sita."

Mzee alirudia idadi hiyo kwa midomo tu, bila sauti. Kisha akaushika mkono wa binti yake kwa mikono yake miwili, ule mkono uliolainishwa na msasa.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Ungenigusa bega."

"Sikujua."

"Na mimi sikujua kwamba hamjui."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza mzee, kwa kuandika kwenye karatasi, alikuwa akifikiri nini miaka yote ambayo binti yake hakumpa habari zake. Alisoma swali mara mbili, akavua miwani.

"Nilidhani amenyamaza kwa sababu nilimkatisha shule," alisema. "Nikaona ana haki. Nikashukuru kwamba ananipa chakula."

Tangu Jumapili hiyo mzee aligeuza kiti chake. Kila jioni alikaa ubavuni mwa binti yake akitazama picha za kwenye simu, na hakuwa mwanafunzi wa kunyamaza. Picha ya msumeno ilipoonyesha mtu amesimama nyuma kabisa ya ubao, mzee aligonga kioo kwa ukucha. "Huyu atapigwa tumboni. Mwambie mwalimu wako asogee kushoto." Mpiga msasa aliandika hoja hiyo kwenye jukwaa la wanafunzi. Mwalimu akamjibu kwamba ni kweli, na picha ikabadilishwa.

"Siku hiyo babu alikula sahani mbili," anasema bintiye.

Jaribio la pili mpiga msasa alipata 71.

Kazi kubwa ya kozi ilikuwa kukagua mahali pa kazi pa mwanafunzi mwenyewe na kuandika ripoti, kwa barua ya ruhusa ya mwajiri. Meneja aliisoma barua akiwa amesimama.

"Unataka kuniletea wakaguzi?"

"Nataka kukuletea karatasi, bosi. Ukimaliza kuisoma ni yako."

Meneja, ambaye naye alianza kama seremala na bado ana kovu refu la patasi kwenye dole gumba, alitia saini kwa sharti kwamba kazi isisimame hata dakika moja. Anakiri leo kwamba alidhani mambo yataishia hapo. "Nilifikiri atanichorea mishale miwili ya mlango wa dharura, basi."

Ripoti ilikuwa na mambo kumi na manne. Feni ya kunyonya vumbi ilikuwa imeziba kiasi kwamba ilikuwa ikipiga kelele tu. Bati la msumeno lilikuwa limefunguliwa ili kazi iende haraka na halijulikani liliko. Kelele karibu na randa, kwa kipimo cha simu, zilifika desibeli 98, wakati somo lilisema zaidi ya 85 kwa siku nzima ni hatari. Na ndani ya stoo, nyuma ya makopo ya gundi, mlikuwa na boksi la vikinga masikio arobaini, bado limefungwa kwa gundi ya karatasi. Vilinunuliwa miaka mitatu nyuma vikafungiwa visije vikapotea.

"Nilikuwa navilinda," anasema mtunza stoo, akijicheka. "Havikupotea hata kimoja. Masikio ndiyo yalikuwa yanapotea."

Kilichomuumiza mpiga msasa zaidi kilikuwa chumba cha vanishi. Alipong'oa misumari ya dirisha, vumbi liliingia likaharibu kabati la milango mitatu ambalo fundi alikuwa amelipaka siku mbili. Fundi wa vanishi, yule yule aliyeshikwa kichwa siku ile, hakumsemesha kwa wiki mbili. Ndipo alipomtungia jina la Mama Subiri, na wakati huo halikuwa la mapenzi. Meneja akaamuru dirisha lipigiliwe tena, na ripoti ikalala mezani kwake chini ya kikombe.

Alirudi nyumbani akamweleza baba yake yote, uso kwa uso. Mzee alisikiliza kwa macho mpaka mwisho.

"Nipeleke nikaone," alisema.

Walikwenda Jumamosi, siku ambayo kazi huisha mchana. Mzee alivaa shati lake la kunyooshwa. Hakuwa ameingia mahali penye mashine za mbao kwa miaka ishirini na tisa, na binti yake alimwona akivuta pumzi ndefu mlangoni, kwa ajili ya ile harufu. Meneja alimwamkia kwa heshima, akampa kiti. Mzee hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye randa iliyokuwa ikifanya kazi, akaweka kiganja juu ya meza yake ya chuma, akafumba macho.

Alikaa hivyo kama dakika nzima. Akasogeza kiganja upande wa kulia, karibu na mkanda. Akafumbua macho.

"Zimeni," alisema. "Beringi ya huku imekwisha."

Mwendesha randa alisema mashine ni nzima tu, imekuwa ikinguruma hivyo tangu mwaka jana. Mzee, ambaye hakusikia pingamizi hilo, alirudia maneno yake kwa sauti ile ile ya chini. Meneja aliagiza wazime. Fundi wa mitambo alipofungua, beringi ilimtokea mkononi vipande viwili, na mhimili wa visu ulikuwa umeanza kuchezacheza.

"Kama ingekatika mashine ikiwa kwenye mwendo, visu vile vingeruka," anasema meneja. "Na anayesimama pale ana watoto wanne. Mimi nina masikio mawili mazima na nimepita karibu na mashine ile kila siku. Kuanzia hapo nilitoa kikombe juu ya ripoti."

Beringi mpya ilipofungwa, kipimo cha simu kilishuka hadi 91. Bado ni nyingi, lakini vikinga masikio vilikuwa vimeshatoka stoo. Bati la msumeno lilitengenezwa upya. Kuhusu dirisha la vanishi, mpiga msasa hakutaka kushinda kwa amri. Alimwendea fundi akamuuliza yeye mwenyewe angependa liweje. Walijaribu mara tatu. Mwisho waliweka feni inayotoa hewa nje upande mmoja, na upande wa pili fremu yenye kitambaa kizito kinachopitisha hewa na kuzuia vumbi, kinachofuliwa kila Ijumaa.

"Nilikuwa nimezoea kichwa kuuma kila jioni, nikadhani ndio umri," anasema fundi wa vanishi. "Sasa hakiumi. Kwa hiyo nimekosa kisingizio cha kuwahi kulala." Jina alilolitunga kwa hasira halikubadilika, ila anavyolitamka sasa ni tofauti.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mazungumzo kwa video. Aliufanyia stoo, amezungukwa na makopo ya gundi, mtunza stoo akilinda mlango nje. Mtahini alimuuliza ni kwa nini wafanyakazi wengi hawavai vifaa kinga hata wakipewa.

Alikuwa amekariri jibu la kitabuni. Hakulitumia. "Nilimwambia, wengine wanaona aibu kuonekana wanaogopa. Na wengine wameshaumia tayari, wanaogopa kugundulika. Nikamwambia namjua mmoja aliyekubali kuitwa mkaidi ili asiitwe kiziwi." Mtahini akamwomba aendelee.

Alipata 83. Siku matokeo yalipofika hakumpigia mtu yeyote simu. Alitembea mpaka nyumbani, akamkuta baba yake uani, akamgusa bega.

Mwezi uliofuata, kwa pendekezo lake, muuguzi alikuja karakana na kifaa cha kupima usikivu. Wafanyakazi wote, ambao sasa ni ishirini na saba, walipimwa. Tisa walikutwa usikivu wao umepungua. Mmoja wa hao tisa ni yeye mwenyewe, sikio la kushoto, lile lililokuwa upande wa randa kwa miaka kumi na sita.

"Sikushtuka. Nilisikitika," anasema. "Muuguzi alisema kilichokwenda kimekwenda, ila kilichobaki kinaweza kubaki. Nikasema, basi hicho hicho tukitunze." Bintiye sasa akitembea naye huhamia upande wa kulia bila kuambiwa.

Muuguzi alimpima mzee pia, akasema kifaa cha kusaidia kusikia kingeweza kumrudishia kidogo. Mzee alishukuru akakataa. "Nikianza kusikia leo nitajua mnavyonisema," alisema, na kwa mara ya kwanza mjukuu wake alimwona akicheka mpaka mabega yakatikisika.

Mpiga msasa ameshajiandikisha kwa ngazi inayofuata ya kozi, miezi kumi mingine. Ada ya awamu ya kwanza imelipwa na karakana. Anachotamani ni kufika kwenye karakana zote kumi na moja za mtaa huu, za mbao na za vyuma, kabla hajafikisha miaka hamsini, ili watoto wa wafanyakazi hao wapimiwe wazazi wao mapema.

Ya kwanza ameshaipata. Mwenye karakana ya kuchomelea vyuma ng'ambo ya barabara alimtumia ujumbe wiki iliyopita, akimwomba aende Alhamisi baada ya kazi azungumze na vijana wake. Aliuliza aandae viti vingapi kwa wageni.

"Nimemwambia viwili," anasema, akivuta vikinga vyake masikioni kwa kuwa randa inataka kuwashwa. "Akauliza huyo mwenzangu amesomea wapi. Nikamwambia, miaka ishirini na miwili, kwenye mashine."